Kompyuta Amekufa

Kosa nililolitenda jioni ile ningelipigia mstari mwekundu bila kusita katika daftari la mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Nilikuwa nimeketi na mjukuu wangu mbele ya kompyuta yake mpakato, tukitazama filamu ya 2001: A Space Odyssey, ambayo Stanley Kubrick aliitoa mwaka 1968. Mke wangu akauliza kutoka jikoni mbona tumenyamaza ghafla. Nikamjibu: "Kompyuta amekufa."

Mjukuu akaangua kicheko. "Babu! Ngeli!"

Kweli tupu. Kompyuta ni ya ngeli ya I-ZI, nami nimelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Betri hufa, saa hufa, simu hufa; lakini zote hufa kwa i-, wala hakuna anayezitandikia mkeka wa matanga. Mimi nilitamka a-, na nilipotaka kujisahihisha, ulimi ukagoma.

Kwa wasioijua filamu hiyo, wapenzi wasomaji: ndani ya chombo cha anga kiendacho Mshtarii mna wanaanga watano na kompyuta iitwayo HAL 9000. Kompyuta hiyo huona, huzungumza kwa upole na huendesha kila kitu chomboni. Inakosea, inashikilia kwamba haiwezi kukosea, kisha inawaua wanaanga wanne. Aliyesalia, David Bowman, anaingia katika chumba cha kumbukumbu zake na kuanza kuzichomoa, moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo sarufi iliponiponyoka. HAL anaomba. Anasema anaogopa, na kwamba anaihisi akili yake ikimtoka. Sauti inazidi kuwa nzito na ya polepole. Anarudi utotoni mwake: anataja siku alipoanza kazi, 12 Januari 1992, na anamtaja mkufunzi wake, Bwana Langley, aliyemfundisha wimbo. Kisha anauimba, mpaka sauti inazama. Ni "Daisy Bell", wimbo wa mapenzi wa mwaka 1892, na haukuokotwa ovyo. Mwaka 1961, katika maabara za Bell huko Marekani, kompyuta iliimbishwa wimbo huohuo, na Arthur C. Clarke, aliyeiandika filamu hii pamoja na Kubrick, aliwahi kuisikia ikiuimba.

Nimezitazama filamu nyingine za akili unde, na baadhi nazipenda. Her ya Spike Jonze, ya mwaka 2013, ni nzuri, ingawa wahusika wake husema mno kwa mtu wa umri wangu. Katika Blade Runner ya Ridley Scott, ya mwaka 1982, kuna viumbe waliotengenezwa wakafanana na watu, na askari akimuua mmoja wao, haisemwi kwamba ameua. Husemwa amemstaafisha. Mimi mstaafu nilipolisikia neno hilo, niliisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Aliyelichagua alijua alifanyalo: ukitaka kuua bila kuosha mikono, anza kwa kubadilisha kitenzi.

Lakini Kiswahili kina mtihani mgumu kuliko huo. Mwenye Kiingereza huchagua kiwakilishi, na maneno mengine katika sentensi hayajali. Sisi hatuachiwi kirahisi hivyo. Nikimkubali HAL kuwa ni A-WA, sina budi kumkubali katika kitenzi, katika kivumishi, katika kimilikishi: kompyuta wangu mwema amechoka. Kila neno linaniuliza upya kama bado nina hakika. Sungura wa ngano zetu tumempa haki hiyo tangu zamani, na wazee walionilea walisema maiti ameoshwa, maiti amezikwa. Pumzi imekwisha, a- imebaki.

Nisiseme kana kwamba nilikuwa nikiiwaza lugha peke yake jioni ile. Mama yangu, katika mwaka wake wa mwisho, alipotewa na kumbukumbu kwa utaratibu ule ule. Yalianza kutoka majina ya wajukuu, kisha ya wakwe, kisha langu. Nilikuwa nikimlisha uji, naye akinishukuru kama unavyomshukuru mgeni mkarimu. Kasida haikutoka. Alikuwa amefundishwa akiwa mtoto, chuoni, na mwalimu wa kike ambaye sisi watoto wake hatukuwahi kumwona. Akawa anamtaja kila siku, kwamba alikuwa mkali, kwamba alipenda sauti yake. Ubeti wa kwanza ulidumu hadi wiki ya mwisho. Siku hizo mtu mmoja wa karibu aliniambia nisijitese kukaa naye, kwa kuwa pale kitandani "hamna kitu tena." Hamna kitu. Sikumjibu, na mpaka leo najuta kwamba sikumsahihisha, mimi niliyesahihisha maelfu ya madaftari.

Mjukuu wangu hayajui hayo. Alitaka tu kujua aandike nini katika mtihani. Nikamwambia aandike "kompyuta imezimwa", apate alama zake. Akaandika kwenye daftari, kisha akairudisha filamu nyuma, tuusikilize tena ule wimbo. Mke wangu akatoka jikoni akifuta mikono kwa kanga, akasimama mlangoni mahali ambapo hakuweza kukiona kioo. Akasikiliza kidogo.

"Masikini," akasema. "Nani huyo anayeimba?"