Kokoto Chini ya Nyasi

Kabla sijagusa roli hata moja ya nyasi bandia, nilikuwa nikijaza pamisi kwenye vitalu vya waridi huko Naivasha. Pamisi ni lile jiwe jepesi la volkeno linaloelea majini. Mashamba ya maua hulitumia badala ya udongo kwa sababu maji hupita na mizizi hubaki na hewa. Msimamizi wetu alikuwa na swali moja kila asubuhi: maji yametoka? Akiona kidimbwi, kitalu kizima kilifumuliwa. Wakati ule niliona ni usumbufu mtupu, kumbe ndio ufundi unaonilisha mpaka leo.

Machi 2020 soko la Ulaya lilipoporomoka kwa Korona, waridi zilitupwa na sisi vibarua tukaambiwa twende nyumbani. Nilirudi Nakuru, nikaanza kupanda nyasi za Kikuyu katika nyua za watu, kwanza Milimani, baadaye Kiamunyi. Desemba 1, 2021 Nakuru ikawa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na sisi wa Kiamunyi, kando ya barabara ya Kabarak, tukazidi kujengewa maghorofa. Karibu kila geti nililobisha lilikuwa na kibao cha Mbwa Kali, na ndani yake miti: migrivilea kando ya ukuta, jakaranda katikati, mparachichi nyuma ya jikoni.

Hapo ndipo nyasi za Kikuyu ziliponishinda. Hizo ni nyasi za jua. Chini ya mgrivilea hurefuka na kupauka zikitafuta mwanga, halafu hukatika. Mbwa wa ulinzi naye hupita kando ya ukuta usiku kucha, palepale kila siku, mpaka njia yake inabaki vumbi. Na anapokojoa, naitrojeni huunguza kilichobaki. Nilijaribu nyasi za Pemba, zile za jani pana. Zilivumilia kivuli, lakini makucha hazikuyaweza.

Wateja wakaanza kuuliza habari za zile bandia. Wengine walidhani ni ushamba wa matajiri wapya, na mimi nilikuwa upande wao, hadi niliposoma zilivyopata umaarufu. Uwanja wa Astrodome wa Houston, Marekani, ulifunguliwa mwaka 1965 ukiwa na paa la plastiki inayopitisha mwanga na nyasi halisi chini yake. Mng'aro wa paa uliwasumbua wachezaji wa besiboli wasione mpira, basi paa likapakwa rangi. Kivuli kikaziua nyasi, na mwaka 1966 zikatandikwa za plastiki. Ikiwa kivuli kiliwashinda wenye fedha zote zile, mimi na jembe langu ningefanya nini?

Mteja aliyenifundisha zaidi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye majibwa matatu. Alikuwa ameshawekewa nyasi na mafundi wengine, zikipendeza kweli kweli machoni.

"Fundi, karibu. Ingia, lakini usivute pumzi sana," aliniambia getini.

"Zimeanza kunuka lini, mwalimu?"

"Tangu baridi ya Julai. Mama watoto amekataa kufungua madirisha."

Nilifunua kona moja. Chini yake kulikuwa na sakafu ya saruji isiyo na mteremko, juu yake karatasi nene ya kuzuia magugu, kisha nyasi. Mkojo uliingia ukakosa pa kutokea. Mkojo wa mbwa una yurea, na bakteria huigeuza kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua. Penye jua unyevu hukauka upesi na harufu hupungua. Chini ya mti haukauki, hasa miezi ya baridi, na utando wa kijani huota juu ya plastiki yenyewe. Kwa hiyo kivuli, ambacho ndicho sababu ya watu kutafuta nyasi hizi, ndicho pia adui wake mkubwa mbwa akiwepo. Muuzaji hakuambii hayo; yeye anauza kwa mita.

Tulivunja ile sakafu. Udongo wetu umetokana na majivu ya Menengai: hunywa maji haraka, lakini ukilowa sana hushuka, na mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa jinsi ardhi inavyodidimia baada ya mvua kubwa. Basi hushindiliwa kwanza, kwa mteremko wa sentimita mbili kila mita. Karatasi ya magugu hulala juu ya udongo, chini ya mawe. Kisha kokoto, kubwa chini na ndogo juu, bila lile vumbi la kokoto ambalo mafundi wa kabro hulipenda, kwa kuwa huziba njia ya mkojo. Kuzunguka shina la mti naacha duara wazi la mawe, mti unywe na mizizi ipumue. Nyasi zenyewe nachagua fupi, milimita 25 au 30, na kingo nazifunga kwenye ukingo wa saruji, maana mbwa akipata uzi mmoja uliolegea atavuta roli lote.

Lakini kuna jambo ambalo kokoto haziwezi kulitatua. Wengi Kiamunyi hununua nyasi hizi ili waepuke kumwagilia, kwa kuwa mifereji hukauka na maji ya bauza ni ghali. Nyasi za mbwa kivulini lazima zioshwe, kila wiki angalau, na zifagiliwe majani ya mgrivilea kabla hayajaoza. Vumbi la Januari na manyoya ya mbwa huziba vile vitundu vya kupitishia maji vilivyo chini ya nyasi. Asiye na tangi la maji ya mvua namwambia wazi asinunue. Nimepoteza kazi nyingi kwa kusema hivyo, na sijutii hata moja.

Kwa hiyo ukitaka kuniita, kata kwanza matawi ya chini ili jua la saa nne liingie. Nikifika, usinionyeshe picha za nyasi ulizozipenda kwenye simu. Niambie una mbwa wangapi, wanalala wapi, na maji yako yanatoka wapi.