Harusi tunachanga, idara je?

Wadau, mwaka 1959 Mary Leakey alifukua fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, kwetu kabisa. Mwaka 1968 watu wa California wakaanzisha Leakey Foundation ili kuchangia utafiti wa chimbuko la binadamu. Sisi je?

Katika idara ya anthropolojia niliyosoma, mwanafunzi anakwama kwa nauli ya kwenda kijijini kumsikiliza bibi anayejua dawa za miti. Na bibi hasubiri bajeti. Mchango wa kadi moja ya harusi ungemfikisha.

Kamati tunazijua: mwenyekiti, mweka hazina, ahadi, kukumbushana kwa simu. Basi tuliopita pale tuunde moja ya kujitolea. Mie natoa kinasa sauti changu na Jumamosi zangu. Nani mwingine?