Gari Halizimi Lenyewe

Likizo iliyopita, wakati wenzangu wanarusha picha za ufukweni Dar es Salaam, mimi nilikuwa wilayani Iramba, mkoani Singida, kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa Fizikia kidato cha pili, shule iliyo kando ya barabara ya Singida–Nzega. Nilifikia kwa mjomba wangu anayelima alizeti. Ana pikapu yake ya Toyota Hilux, ya dizeli, manuali, yenye umri mkubwa kuliko wangu. Nilikuwa na leseni ya kujifunzia mkobani, basi mjomba akasema kila jioni atanifundisha mpaka niive.

Wiki ya kwanza nilizimisha gari mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Ila siku ya mnada ndiyo sitaisahau. Tulibeba magunia sita ya alizeti kupeleka kukamua. Pale barabara ya vumbi inapopanda kuingia lami kuna kilima kifupi. Nikasimama kupisha lori. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda, kapakia mama mwenye mtoto mgongoni. Lori lilipopita nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likaruka kama mbuzi, likazima, likaanza kurudi nyuma. Nilitaka kukanyaga breki, mguu ukaenda kwenye klachi. Mjomba akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote. Kati ya bampa yetu na tairi la pikipiki ilibaki kama hatua moja.

“Dada, shuka umpe mwenye gari!” bodaboda akapiga kelele. Watu wa mnadani wakacheka. Yule mama hakusema kitu. Alishuka, akamkaza mtoto mgongoni, akaendelea kwa miguu.

“Mjomba, hii gari mbovu,” nikasema.

Hakunijibu. Tulibadilishana viti, akawasha, gari likapanda taratibu na magunia yake yote. Tulipofika juu ndipo akasema, “Mwanangu, gari haikuzima. Umeizima.”

Usiku nilitoa daftari nikachora, maana nilijisikia vibaya: mwalimu wa Fizikia nashindwa na kitu cha Fizikia tupu. Iko hivi. Injini haiwezi kuanza yenyewe kutoka sifuri, ndiyo maana kuna starta. Ikishawaka, hata gari likiwa limesimama, yenyewe inazunguka kama mara 700 au 800 kwa dakika. Mafundi wetu wanaita silensa. Ikilazimishwa kushuka sana chini ya hapo, inakosa nguvu ya kupitisha pistoni kwenye mgandamizo, inakufa. Upande wa pili kuna magurudumu, na yenyewe yamesimama kabisa. Klachi ndiyo inayokutanisha pande hizi mbili kwa msuguano. Ukiiachia polepole, injini inatoa kidogo, magurudumu yanapokea kidogo, mpaka mwendo unalingana. Ukiiachia ghafla, unataka kinachozunguka na kilichosimama viwe kitu kimoja papo hapo. Mzigo unashinda.

Nikapiga hesabu ya gia. Pikapu kama ile, ikiwa gia ya kwanza na injini kwenye silensa, inatembea kama kilomita tano au sita kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi kipindi. Gari likienda polepole kuliko hapo, klachi haiwezi kuwa imeachiwa yote. Ndiyo maana linazima pia ukisimama bila kukanyaga klachi, au ukiondoka na gia ya tatu ukidhani ni ya kwanza. Otomatiki halina tabia hii kwa sababu katikati pale kuna mafuta yanayozungushwa, na mafuta yanateleza.

Kesho yake mjomba alinipeleka uwanjani, sehemu tambarare, akanikataza kugusa mafuta. Kazi yangu ilikuwa klachi tu. Niiachie kidogo kidogo mpaka injini ibadilike sauti na pua ya gari iinuke. Pale ndipo inaposhika. “Mguu usimame hapo hapo, uisikilize, usiikimbie.” Baada ya siku tatu tukaenda kilimani: hendibreki juu, resi kidogo, klachi mpaka ishike, ndipo unashusha hendibreki. Gari likisharidhika kwenda, toa mguu wote, kwa sababu ukining'inia kwenye klachi utasikia harufu ya kuungua, na hiyo ni hela. Ukipanda mlima mrefu kama Sekenke, shusha gia mapema kabla injini haijaanza kutetemeka.

Na likizima? Breki kwanza, kisha hendibreki, kisha klachi na nyutro, ndipo uwashe. Usipige breki mara nyingi nyingi injini ikiwa imezima. Msaada wa breki unabaki kwa mikanyago michache tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kama umefanya yote sawasawa na bado linazima, hapo sasa mtafute fundi aangalie silensa, kichujio cha dizeli na kichujio cha hewa. Kwa vumbi la kwetu, hicho cha mwisho hakikosi sababu.

Lakini kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa gari.

Siku mbili kabla ya mnada nilimwita msichana mmoja ubaoni akokotoe swali la mgandamizo na aeleze kwa Kiingereza. Alishika chaki, akanyamaza. Nikasubiri sekunde chache, nikasema, “Hata hili?” Darasa likacheka. Akarudi kukaa, na tangu siku hiyo hakunyoosha mkono. Mimi nikaandika kwenye daftari langu la tathmini kwamba wanafunzi wengi ni wazito.

Yaani na huku niliandika: gari mbovu.

Mtoto yule amesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kaambiwa masomo karibu yote sasa ni Kiingereza. Mimi nikaja na kasi yangu ya chuo, nikaachia klachi yote mara moja. Nilifuta ule mstari kwenye daftari. Kwa wiki zilizobaki tulianza kila mada kwa Kiswahili, waeleze wanavyoelewa, kisha tukaingiza Kiingereza neno kwa neno. Sisemi tubaki hapo daima. Mtihani wao wa taifa ni wa Kiingereza, na klachi ikikaa nusu muda wote inaungua. Nasema tu kwamba pana hatua ya katikati, na mimi niliiruka.

Wiki ya mwisho yule msichana alikwenda ubaoni mwenyewe. Aliandika kanuni, mstari wa pili akakwama. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kuchukua chaki. Nikaurudisha mfukoni. Hakuna aliyecheka. Alimaliza kengele ikiwa imeshalia, na wenzake walikuwa bado wamekaa.

Wenzangu wa elimu, tutapangiwa vituo tena. Bumu litachelewa, jua litawaka, na utakutana na darasa limenyamaza kimya. Kabla hujaandika kwenye daftari lako kwamba ni wazito, angalia kwanza mguu wako uko wapi.