Kaka wa Michigan na mavi ya chuma ya Kemondo

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo.

Nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Michigan, Marekani. Ugonjwa wake ni shaba. Si nyaya, jamani! Anakusanya vipande vya shaba safi iliyojiotea yenyewe mwambani, mingine ina matawi kama kichaka. Rasi ya Keweenaw ina migodi ya zamani iliyotoa vitu hivyo. Mgodi wa Quincy ulianza 1846, ukafungwa 1945. Anasema kipande chenye kikaratasi kinachotaja mgodi kilikotoka ndicho cha maana. Kisicho nacho ni pambo la mezani.

Juzi kaniandikia: "Mdogo wangu, nitumie mavi ya chuma ya hapo Kemondo. Hata kilo moja."

Anajua anachoomba. Miaka ya 1970 Peter Schmidt alichimba huku kwetu akakuta mabaki ya matanuru ya chuma ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Tena wazee wa Kihaya waliokuwa wanaikumbuka kazi wakamjengea tanuru upya: shimo likajazwa matete ya bwawani yaliyounguzwa, ukuta ukawa wa udongo wa kichuguu, mabomba ya udongo yakaingia hadi ndani ya moto. Yeye na mwenzake Donald Avery wakaandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa ya mivukuto ilipata joto humo kabla ya kufika kwenye mkaa. Wataalamu wengine walilibishia sana hilo la hewa. Wabishane tu, chuma kilitoka.

Mimi kinachonimaliza ni yale mavi yenyewe. Mengine yana alama za matete mpaka leo, mistari unaipapasa kwa kidole! Lakini umri wake unajulikana kwa mkaa uliolala naye shimoni. Ukikiokota kipande ukakitia mfukoni, mkaa umebaki nyuma. Kikaratasi chetu ni udongo wenyewe.

Na sheria ipo. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuvipeleka nje kunahitaji kibali. (Sheria hiyo haijamfikia fundi niliyemkuta akimwaga msingi wa nyumba, mavi ya chuma yamo kwenye rundo lake la kokoto. Aliniuliza kama nataka kununua.)

Kumnyima kaka si rahisi. Ni mkubwa wangu, na ada yangu ya chuo kikuu nusu aliilipa yeye. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikamweleza yote hayo, nikamwambia akija Desemba nitampeleka mwenyewe, ashike, apige picha, arudishe palepale.

Jibu likaja asubuhi, neno moja tu: "Nshomile."