Nilikwenda kuandika idadi ya familia, nikafundishwa kupiga gofu

Juma lililopita mama mmoja msikilizaji wa hapa Kalemie alinipigia simu. Akasema: "Papa, kila siku ya posho tunakuona kule kwenye majani, uko napiga gunia na chuma. Uko muzima kweli?" Mama, niko muzima. Ila nilikuwa na ugonjwa wa kifundo cha mkono, na aliyeniponya si munganga. Ni mzee mmoja mkimbizi wa vita. Ameniomba nisiandike jina lake, na mimi nimekubali.

Nianze mbali kidogo. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Kule kuna uwanja wa gofu, hata mtaa mzima unaitwa Golf kwa sababu yake. Nilipokuwa na miaka 14 nilikuwa kedi, ndiyo kusema mbeba fimbo. Unabeba mfuko wa mkubwa fulani kwenye mashimo 18, unatafuta mpira wake kwenye nyasi, jioni unapata pesa ya daftari na mkate. Hakuna aliyetufundisha kupiga. Tulijifunza kwa macho. Tuliona mpira unapanda juu, tukafikiri mwenye kupiga ndiye anauinua kwa mikono. Hapo ndipo nilipopata kosa langu, nikakaa nalo zaidi ya miaka 20.

Nilipohamia Kalemie kwa kazi ya redio nilikuja na fimbo moja ya chuma, namba 7, zawadi ya mchezaji mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikaa nyuma ya mlango. Siku mojamoja niliitoa, nikapiga mipira mitatu, nikairudisha kwa hasira.

Sasa siku ile nilikuwa kambini kwa kazi, nje ya mji. Unga ulikuwa unagawiwa, na mimi nilikuwa na daftari: familia ngapi, watu wangapi, wametoka wapi. Orodha ilichelewa. Katika kungoja niliokota kijiti, nikapiga kokwa la embe. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Mukono yako ya kushoto inavunjika."

Niligeuka. Alikuwa mzee niliyemwandika saa moja mapema. Katika daftari langu alikuwa mstari mmoja: "Nyunzu, 2017, watu 7." Kumbe alikuwa kedi Lubumbashi miaka 19, kabla yangu na baada yangu. Alirudi Nyunzu kumzika baba yake, akabaki kulima. Halafu vita ya Waluba na Batwa ikafika kijijini kwao, nyumba ikachomwa, wakatembea hadi hapa.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia wakati naandika. Akajibu: "Hakuna muntu aliniulizaka niko najua nini. Banaulizaka tu tuko bangapi."

Neno lile liliniingia. Niliandika habari ya unga kama kawaida, lakini posho iliyofuata nilirudi bila daftari. Nilibeba fimbo.

Wacha nieleze kosa lenyewe, hata kwa asiyejua gofu. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, wakati chuma kinapogusa mpira, mikono inapaswa kuwa imetangulia mbele kidogo ya chuma, na mgongo wa mkono wa kushoto uwe umenyooka kama ubao. Mimi nilifanya kinyume. Karibu na mpira mikono yangu ilisimama, kifundo cha kushoto kikakunjika, chuma kikapita mbele kama mtu anayechota maji kwa kata. Matokeo ni mawili: ama unachimba udongo kabla ya mpira, ama unaupiga mpira kichwani, unakimbia chini kama panya. Yote mawili nilikuwa nayo.

Mzee aliniambia jambo ambalo kwa miaka yote ile ya kubeba mifuko sikulisikia. Uso wa chuma namba 7 tayari umelala nyuma, zaidi ya digrii 30. Kazi ya kuupandisha mpira ni ya chuma. Kazi yako ni kupiga kwenda chini na mbele. Ukitaka kumsaidia chuma kuinua, unaharibu.

Tena chuma na mpira vinagusana kwa muda usiofika hata sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Pale huwezi kurekebisha kitu. Unarekebisha kabla.

Tulianza na gunia. Alijaza maganda ya mahindi na nguo zilizochakaa, akaliweka mbele ya mguu wangu wa kushoto. Hakuna mpira. Piga polepole, chuma kikigusa gunia simama, tazama mikono iko wapi. Siku ya kwanza, kila nilipotazama, mikono ilikuwa nyuma na kifundo kimekunjika. Watoto walikuja kucheka. Mzee hakucheka. Alishika mikono yangu, akaisogeza mbele, akasema: "Kaa pale. Uisikie."

Posho ya pili alifunga mtete mrefu kwenye mpini wa fimbo, ukapita kwenye ubavu wangu wa kushoto. Nikikunja kifundo, mtete unanichapa mbavu. Ulinichapa sana. Usiku mke wangu aliuliza nani amenipiga.

Posho ya tatu alikunja kitambaa, akakiweka nyuma ya mpira, umbali wa shubiri moja. Upige mpira bila kugusa kitambaa. Nilikirusha kitambaa mbali mara nyingi kuliko mpira, mpaka mama wa nyumba akatoka akipiga kelele: "Ile njo kitambala yangu ya kanisa!" Tulitafuta kingine.

Lakini kifundo kiliendelea kukunjika, pungufu tu. Basi mzee aliacha kutazama mikono, akatazama miguu. Akaona uzito wangu wote unabaki mguu wa kulia, kifua kimesimama, na mikono peke yake ndiyo inakimbia. "Mukono inakimbia juu mwili inasimama," akasema. Miaka yote nilimkamata kifundo kama mwizi, kumbe mwizi alikuwa mguu. Akaniamuru: kabla ya kupiga, egemea mguu wa kushoto. Halafu geuza tumbo na kifua kuelekea unakotaka mpira uende, mikono ifuate. Mapigo mafupi tu, kutoka goti mpaka goti. Usitafute nguvu.

Ilikuwa posho ya tano, jua linaelekea kuzama. Nilisikia mlio ambao nilikuwa nausikia kwa wengine tu: kwanza mpira, halafu majani. Mpira ulipanda wenyewe. Sikuuinua. Mzee alitikisa kichwa, akasema, "Rudia." Niliharibu mapigo manne yaliyofuata. La tano likawa zuri.

Sasa nisiwadanganye kwamba mambo yamekwisha. Kifundo bado kinarudi kwenye tabia yake nikiwa na haraka. Na mzee bado yuko chini ya bâche. Nilimpigia simu rafiki wa zamani aliye kedi kule Lubumbashi, kuuliza kama kuna nafasi kwa mtu wa umri wake. Alisema aje, asimame kwenye mstari kama wengine, lakini hakuna ahadi. Safari ya watu 7 kutoka hapa ni pesa nyingi, na watoto wawili wako shuleni. Mzee alifikiri siku mbili. Akasema atangoja mwisho wa mwaka wa masomo, kisha ataamua. Sikumsukuma. Ni maisha yake.

Jambo moja nimelibadilisha upande wangu. Nikienda kambini sasa, baada ya kuuliza "muko bangapi," nauliza pia: "Ulikuwa unafanya kazi gani kwenu? Unajua nini?" Kwa mwezi mmoja nimeandika fundi wa kushona, mwashi, mkunga wa miaka mingi, na kijana anayetengeneza redio. Huyu wa redio tayari ametengeneza mbili za jirani. Majina ya waliokubali nitayasoma hewani, mwenye kazi awatafute.

Na mzee ameanza kufundisha watoto wanane wa kambi, kwa fimbo moja na nondo mbili alizozikunja mwenyewe. Mwenye fimbo ya zamani au mipira nyumbani, atuletee siku ya posho jioni. Gunia lipo. Kitambaa pia tunakubali, ila kisiwe cha kanisani.