Bibi na Prosesa Nane

Bibi yangu ana saa moja nzuri kwa siku. Inaanza baada ya chai, ukungu ukiwa bado umeikalia miteremko ya Mgeta, na inaisha jua likishapanda. Ndani ya saa hiyo anakumbuka majina, anacheka, anasahihisha. Baada ya hapo ananiuliza mimi ni mtoto wa nani.

Likizo yangu ya Juni niliipangia saa hiyo. Nina rekodi zake nilizozichukua nikiwa chuoni, Kiluguru kitupu, anasimulia habari za matuta ya lazima ya wakati wa mkoloni, yale yaliyozaa vurugu za 1955 katika milima hii. Kiluguru changu ni cha kuombea maji. Nilitaka nimsikilizishe sauti yake mwenyewe, sentensi kwa sentensi, aniambie alisema nini.

Tatizo likawa laptopu. Programu ninayoandikia maneno ya rekodi iko kwenye Linux, na laptopu ya kazini ni ya Windows, siruhusiwi kuibadilisha. Nikaweka mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kama mpangaji. Mpangaji huyo nikampa prosesa zote nane. Nani hataki kasi?

Sasa bwana, asubuhi ya kwanza nikawasha. Dakika kumi na mbili! Bibi kakaa kwenye kigoda, shuka mabegani, chini barabarani Fuso zinateremka na kabichi kuelekea Morogoro.

"Mume wangu, hicho kitu chako hakijaamka tu?"

Kilipoamka, umeme ukakatika, na betri yangu imechoka kuliko mimi. Tukaanza upya. Siku mbili zikaenda hivyo.

Usiku wa pili nilisoma mpaka nikaelewa, na kilichonisaidia ni nyumba ile ile niliyolala. Utotoni, likizo, tulikuwa tunalala humo wajukuu wanane. Alfajiri ya kwenda shamba Bibi alisimama mlangoni, akaita jina moja, akasubiri "abee" au "naam", ndipo akaita la pili. Kwa miaka mingi Linux iliamsha prosesa hivyo hivyo: moja inatangulia kuamka, inaita ya pili, inasubiri iitikie, inaita ya tatu. Zikiwa nane huoni tofauti. Zikiwa mia na zaidi, kama kwenye mashine kubwa za kukodi, kusubiri kunajumlishana. Toleo la 6.5, lililotoka Agosti 2023, lilileta njia nyingine kwa prosesa za x86: zinaitwa kwa mpigo, zinaanza kujinyoosha pamoja, kisha zinahakikiwa. Bibi naye alifika huko, alianza kupiga sufuria.

Ila ugonjwa wangu ulikuwa mwingine. Kumbe laptopu yangu ina viini vinne tu. Ile nane ni hesabu ya karatasi, kila kiini kinajihesabu mara mbili. Nilipompa mpangaji vyote, mwenye nyumba hakubakiwa na kitu, ikabidi awe anampokonya zamu ili afanye kazi zake. Hapo ndipo balaa linapoanza. Prosesa pepe inaweza kupokonywa zamu ikiwa imeshika kufuli ambalo wenzake wanalisubiri. Wenzake hawajui kwamba imelazwa. Wanazunguka pale pale wakiuliza, tayari? tayari? Na kuuliza huko kunakula nguvu ile ile ambayo ingeiamsha. Ni kama binamu yangu alivyolala na ufunguo wa banda la mbuzi mfukoni, sisi saba tukabaki nje tunasukumana mlangoni.

Mwongozo wa VirtualBox, programu niliyotumia, unaonya kabisa: usiipe mashine pepe viini zaidi ya vile vilivyopo kweli. Mimi mtu wa kusoma kwa mshahara sikuusoma. Nikapunguza nane zikawa mbili.

Asubuhi: dakika moja na nusu.

"Leo kimeamka mapema," Bibi akasema. Nikamwekea sauti yake. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza jirani. Tulimaliza sentensi kumi na moja kabla jua halijapanda. Moja nilikuwa nimeshaitafsiri mwenyewe zamani, na nimewahi hata kuitumia kwenye makala: kwamba mama yake alikataa kuchimba matuta. Nilikuwa naipenda sana sentensi ile. Bibi akatikisa kichwa.

"Sikusema alikataa. Nimesema alichoka. Alikuwa na mimba."

Nikafuta neno, nikaandika lingine. Akanyamaza kidogo, akaniangalia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Zimebaki saa nne za rekodi. Nimeomba likizo nyingine Desemba.