Kwa Somoe, Anayetaka Uandishi

Mwanangu Somoe,

Barua yako nimeipata. Baba yako naye amenipigia simu, anataka nikukataze uandishi wa habari. Sikukatazi, ila ujue unakokwenda.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inakutaka uwe na ithibati, na kanuni zake za 2017 zinadai angalau stashahada. Hilo silipingi sana. Kusoma hakujamdhuru mtu. Kinachochuja watu ni kile kinachofuata. Ukimaliza chuo utajifunza kazini bila malipo, na vyombo vikubwa karibu vyote viko huku Dar es Salaam. Mtoto wa Mikocheni analala kwao na kula kwao. Wewe wa Newala utakula wapi? Baadaye watakuita mwandishi wa kujitegemea: unalipwa kwa kila habari iliyotoka, na mhariri asipoitoa, nauli yako imekwenda. Bahasha za pesa wanazogawiwa waandishi kwenye semina huanza hapo kugeuka mshahara, halafu watu wanashangaa mbona waandishi hawaulizi maswali.

Matokeo yake umeyaona mwenyewe. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwatuma wanajeshi kuzisomba, habari zilijaa malori na viongozi. Bibi yako, anayeinama kuziokota kila msimu, nani alimuuliza chochote? Simlaumu aliyetumwa kutoka huku. Hajawahi kuokota korosho, angejuaje cha kuuliza?

Wewe unajua. Kwa hiyo usikimbilie mjini. Anzia redio ya jamii huko huko, hudhuria vikao vya madiwani na minada ya korosho, jifunze kusoma bajeti ya halmashauri hadi mweka hazina akuogope kidogo. Ukija huku uje na habari ambazo wenzako hawana.

Na hili ulishike. Mkubwa akikudai mwili ili akupe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usimtunzie siri. Nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au TAMWA, chama walichokianzisha waandishi wanawake mwaka 1987. Nitakwenda nawe, na mjini wananijua kwa mdomo.

Chumba kipo, na chakula kipo. Mwambie baba yako ada ya chuo ni juu yake. Mengine aniachie mimi.

Shangazi yako